Dhahabu ya Mzee Masanche Nyuma ya Choo Chetu

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane: mimi ndiye niliyezika dhahabu ya uongo nyuma ya choo chetu. Sikuizika kwa jembe, niliizika kwa mdomo, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nabambua karanga mbele ya mdogo wangu Ghati, na sababu yangu (naomba msicheke kabla sijamaliza) ilikuwa kwamba nimechoka kumsindikiza chooni. Basi. Wengine wanaharibikiwa kwa mapenzi, wengine kwa pombe, mimi niliharibikiwa kwa choo.

Miaka minne imepita, sasa niko kidato cha nne, na mpaka leo mwalimu wa historia akisema "tutaje vyanzo vya habari" mimi naangalia chini ya dawati kana kwamba nimeangusha kalamu.

Kijijini kwetu, huku Kemambo, hiyo ilikuwa miaka ya rashi. Kama hujawahi kuiona rashi, iko hivi: mtu anaokota jiwe linalong'aa, anamwambia mke wake tu, tena kwa kunong'ona, na kesho yake asubuhi unaamka unakuta watu wasiowajua wanapiga mswaki kwenye shamba lenu la mihogo. Walikuja kutoka Geita, kutoka Musoma, kutoka ng'ambo ya mpaka, kila mmoja na sururu yake na sufuria yake moja, na mahali ulipopita juzi ukienda kuteka maji, leo kuna shimo ambalo ukitupa jiwe hulisikii likifika. Mashimo hayo waliyaita maduara. Mchana kutwa ulisikia wanawake wakitwanga mawe kwenye vinu vya chuma, twa, twa, twa, na sisi watoto tulilala na kuamka na mdundo huo mpaka ukinyamaza tunashtuka. Siku hizi pale pana uzio na nyasi, na kimya chake hakijanizoea.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Nkende, mjini, kabla hajaolewa huku. Rashi ilipokuja akafungua banda la chakula mbele ya nyumba: maandazi na chai asubuhi, ugali na maharage mchana. Wachimbaji wote walimwita Mwalimu, hata wale wenye ndevu. Baba alikuwa anapeleka ndizi Sirari na kurudi Jumapili, kwa hiyo kwenye mkasa huu hayumo (bahati yangu).

Sasa njia ya kwenda shule ilipita katikati ya maduara. Siku mbuzi wa jirani yetu Mzee Wambura alipodumbukia, tukawa tunamsikia analia chini tangu asubuhi mpaka jua linazama na hakuna aliyeweza kumwona, Mama alimvua Ghati sare, akaikunja vizuri, akaiweka sandukuni chini kabisa, akasema, "Shule itakuja hapa." Ghati ndiyo kwanza alikuwa amemaliza wiki tatu za darasa la kwanza. Mimi nilikuwa mkubwa, najua kuruka, niliendelea.

Na shule kweli ilikuja, kwa miaka miwili. Hesabu ilikuwa ya maharage: wachimbaji ishirini, kila mmoja vijiko vitano, chungu kina vijiko tisini, nani atalala njaa? Kusoma kulikuwa kwa magazeti ya kufungia maandazi, ndiyo maana Ghati alikuwa anajua kusoma matangazo ya vifo kuliko hadithi za sungura. Na historia ndiyo ilikuwa somo la Mama la moyoni. Alisema mtoto mdogo haelewi karne, mtoto anaelewa mtu. Kwa hiyo miezi ile ya mwisho kila wiki tulikuwa na mtu mmoja, tena mtu wa huku huku kwetu. Jumatatu Ghati anasimuliwa maisha yake. Jumatano anamchora kwa mkaa kwenye karatasi. Ijumaa anamsimulia mtu yeyote ambaye hayajui maisha hayo, maana Mama alisema usipoweza kumweleza mgeni basi hujajua.

Zile picha zilibanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya katani iliyokatiza jikoni, wa zamani sana karibu na mlango, wa juzi karibu na dirisha. Tulijuaje wa zamani ni nani, wakati wazee wengi hawajui walizaliwa mwaka gani? Kwa saro. Kwetu wote walioingia jandoni msimu mmoja wanapewa jina lao moja la saro, na jina hilo ndilo umri wao mpaka wanakufa. Mzee akikutana na mzee mwenzake wa mbali, baada ya salamu anaulizwa saro, na hapo hapo wanajua nani mkubwa kwa nani. Kwa hiyo Ghati alikariri maswali manne ya Mama kama sala: ni wa ukoo gani na saro gani, alitoka wapi, alifanya nini, na nani amekuambia.

Hilo la mwisho, "nani amekuambia", ndilo lililonimaliza.

Kazi ya kutafuta watu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, nasubiri na jando la Desemba, kwa kifupi nasubiri tu. Na mwanzoni (nijisifu kidogo kabla ya kudhalilika) niliifanya vizuri. Nilimletea Ghati bibi mfinyanzi aliyekuwa akibeba vyungu kichwani mpaka Serengeti kwa miguu na kurudi na nyama kavu bila kuvunja hata kimoja. Nilimletea mzee aliyekuwa na baiskeli ya kwanza kijijini, akailaza ndani isinyeshewe, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja yeye akawa analala nje. Nilimletea mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji na kuwakumbuka wote kwa kilio chao cha kwanza. Ghati alimchora kila mtu na masikio makubwa kama ya ng'ombe. Nikamuuliza kwa nini. "Si walikuwa wanasikiliza?" akasema. Nikikumbuka zile jioni, moshi wa kuni unatuwasha macho, Mama anakanda unga wa kesho na huku anasema "rudia hapo, alivuka wapi?", naenda kukaa jikoni hata kama hakuna aliyeniita.

Watu saba walikuwa kwenye kamba. Wa nane ndiye wa balaa.

Mwalimu Mkuu wa shule alikuwa amekubaliana na Mama hivi: atakuja Jumamosi, amsikilize Ghati hesabu, kusoma, na maisha ya mtu mmoja. Akiridhika, Januari Ghati anaingia darasa la tatu na wenzake wa rika lake, na kijiji kilikuwa kimeahidi kuzungushia ile njia miti ya kuzuia watoto. Asiporidhika, anaanza darasa la kwanza, na miaka yake minane na miguu yake ile mirefu, magoti yakigonga dawati. Ghati alishajua. Usiku alikuwa analala na sare chini ya mto.

Jumapili Mama akanituma kwa Mzee Wambura. "Yule anajua watu wa zamani kuliko wote," akasema, "na ni mjumbe wa kamati ya shule, atakuwepo Jumamosi. Kaa naye mpaka amalize."

Mpaka amalize! Mzee Wambura hakuwa mtu wa kumaliza. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe, nikamwamkia shikamoo, akaniambia kaa hapo mura, yaani kijana, nikakaa, akaanza moja kwa moja bila hata kuulizwa, macho yamelowa.

"Hakuna kama Masanche," akasema. "Hakuna na hatakuja. Mto Mara umejaa mpaka unanguruma, wenzake wamesimama wanaangalia, yeye kaingia na kavuka. Upande wa Serengeti wote walikuwa wanamjua, akikohoa tu wanakimbia. Watoto wake wamejaa kijiji hiki..."

Na hapo, jamani, jenereta la banda la video kule machimboni likawaka. Nililisikia. Nilijua kuna picha mpya ya karate. Mguu wangu wa kulia ukasimama wenyewe.

"Nimeelewa, babu. Asante sana."

"Mura, sijafika popote!"

"Nitarudi kesho, babu."

Sikurudi kesho wala keshokutwa. Jumatatu jioni nikakaa kwenye kigoda na karanga zangu, nikamsimulia Ghati maisha ya Mzee Masanche, shujaa wa kuvuka mito. Ukoo nikampa wetu, saro nikataja ya kwanza iliyonijia mdomoni. Lakini nusu hadithi inaisha mapema, na Ghati akapiga mwayo. Kisha akasema yale maneno ya kila jioni: "Kaka, nisindikize chooni."

Choo chetu kilikuwa mbali kidogo, baada ya migomba, cha miti na udongo, na mlango wake ulikuwa gunia. Ghati alikuwa anakiogopa kuliko duara. Kila jioni nilisimama pale nje naimba ili ajue sijaondoka. Nikachoka. Akili yangu ikafanya kazi haraka kuliko ilivyowahi kufanya kwenye mtihani wowote.

"Unaogopa kwa sababu hujui," nikamwambia. "Mzee Masanche siku moja aliona mtoni mawe ya njano. Akayajaza kwenye chungu, akayazika hatua tano nyuma ya pale palipo choo chetu. Na mpaka leo anapalinda. Mtoto akienda pale peke yake, anamlinda na yeye."

 Ghati akaweka karanga chini akaenda chooni peke yake, mabega juu kama askari. Nilijiona mwalimu bora Tarime nzima.

Jumatano akamchora. Ijumaa mchana ikawa zamu ya kumsimulia mgeni, na mgeni aliyekuwepo alikuwa Onyango, mchimbaji kutoka Migori, mtu mcheshi, mteja wa sahani mbili za maharage kila siku. Nilikuwa naosha sahani. Nilimwona Onyango anasikiliza huku anatafuna, mara akaacha kutafuna.

"Hatua tano?" akauliza. "Za mtoto ama za mtu mzima?"

"Za Mzee Masanche," Ghati akasema. "Alikuwa mrefu."

Onyango akalipa na hakusubiri chenji. Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa nawaza mambo yangu.

Saa kumi jioni mchimbaji wa kwanza akaja ameshika tumbo. "Mwalimu, samahani, naomba choo." Akaenda, akakaa huko muda mrefu. Akaja wa pili. "Mwalimu, tumbo." Wa tatu, wa nne. Kufika magharibi kulikuwa na foleni kwenye migomba yetu, wanaume wazima kumi na kitu wameshika matumbo, kila mmoja akitoka anatembea hatua tano huku midomo inahesabu. Mama alisimama mlangoni mikono kichwani. Aliamini maharage yake yamewaua watu. Akamwaga chungu kizima, akachemsha maji ya chumvi na sukari, akawa anawanywesha mmoja mmoja kwa kikombe, na wao wakawa wanakunywa kwa sababu wangesema nini? Mimi nilijua. Nilisimama pale na jagi la maji ya chumvi, najua, nikanyamaza. Nilijiambia watachoka.

Alfajiri nikaamshwa na sururu. Ukikulia machimboni sauti ya sururu haikuamshi, lakini hii ilikuwa inatikisa kitanda changu.

Nyuma ya choo kulikuwa kumejaa. Wachimbaji walikuwa wamesimika vijiti na kufunga vitambaa, ndivyo wanavyoweka alama kwamba hapa ni pangu, na kati ya vijiti hivyo shimo lilikuwa limeshafika kifuani kwa mtu na udongo umemwagwa kwenye mboga za Mama. Onyango ndiye aliyekuwa chini.

"Tokeni!" Mama akapiga kelele, kanga imemfunguka bega moja. "Nyie watu tokeni! Hapa ni kwangu!"

"Mwalimu, usijali," Onyango akajibu kutoka chini, kwa heshima zote. "Fungu lako tumelitenga la kwanza."

"Fungu la nini?"

"La chungu, Mwalimu."

"Chungu gani?"

Kabla hajajibiwa, kengele ya baiskeli ikalia. Mwalimu Mkuu amefika, suruali imebanwa kwa kibanio, na nyuma yake Mzee Wambura na fimbo yake. Nikafanya uamuzi wa pili wa kijinga. Nikakimbilia pale ambapo hakuna ambaye angenitafuta: nikaingia chooni, nikashusha gunia.

Nilisikia na kuona yote kupitia nyufa. Mama aliweka viti mbele ya migomba kana kwamba nyuma yake hakuna watu wanachimba, akasema kwa sauti ya mwalimu, "Tuanze tu, Mwalimu Mkuu, mtoto yuko tayari."  Ghati alikuwa amevaa ile sare. Ilikuwa imemfupia mpaka juu ya magoti.

Hesabu akajibu zote. Kusoma, akapewa kitabu, akasoma bila kusimama. Mwalimu Mkuu akasema, "Vizuri sana, binti. Sasa nisimulie maisha ya mtu."

Nikasali achague bibi mfinyanzi. Kamba nzima ya watu, jamani! Lakini mtoto anachagua anayempenda.

"Nitasimulia Mzee Masanche," Ghati akasema.

Sururu zikanyamaza. Wote wakaegemea mipini wasikilize. "Mwache aseme," mmoja akanong'ona, "labda atataja upande." Ghati akasimama wima akasimulia yote, kwa sauti safi, bila kuruka neno: ukoo wetu, saro yake, kuvuka Mara umejaa, watu wa Serengeti kukimbia akikohoa, watoto waliojaa kijiji, mawe ya njano, chungu, choo. Na akamalizia alivyofundishwa: "Na aliyetuambia ni Mzee Wambura, huyu hapa."

 Kisha nikasikia fimbo ikigonga chini mara mbili.

"Saro uliyoitaja ni yangu," Mzee Wambura akasema taratibu. "Tuliingia wote siku moja. Nawajua mmoja mmoja, wazima na wafu. Masanche hakuwemo."

"Kaka alisema..."

"Huyo Masanche wenu alikuwa na rangi gani?"

Ghati akababaika. "Kaka hakuniambia rangi, babu."

"Alikuwa mwekundu. Doa jeupe hapa kwenye paji, na pembe moja imelala. Alikufa kwa ugonjwa wa ndigana na nilimlilia kuliko nilivyomlilia shemeji yangu." Mzee akavuta pumzi. "Masanche alikuwa fahali wangu."

Mtu mmoja kule shimoni akaanza kucheka, akanyamazishwa. Kisha sauti ya Onyango, imejaa uchungu: "Yaani tangu usiku nachimbia ng'ombe?"

"Mwita!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama. "Mwita yuko wapi?"

Nilikuwa nimeamua kukaa mle mpaka kidato cha kwanza kianze. Lakini Onyango kwa hasira aliitupa sururu yake ikagonga nguzo ya choo, na nguzo hiyo usiku kucha walikuwa wanaichimba chini. Choo kikalia kama mtu mzee anayeinuka. Kisha kikalala ubavu polepole, ukuta kwa ukuta, na vumbi lilipotulia nilikuwa nimesimama mbele ya kijiji, gunia la mlango limenikaa shingoni kama joho, na mguu wangu wa kushoto umezama (sitaeleza ulizama wapi) mpaka kwenye goti.

Hakuna aliyekuja kunivuta. Nilijivuta mwenyewe, na kila nilipopiga hatua mbele, kijiji kilipiga hatua nyuma.

"Sema," Mama akasema.

Nikasema. Nilisema yote pale pale: jenereta, karate, nusu ya hadithi. Mwalimu Mkuu akauliza kwa nini dhahabu niliiweka nyuma ya choo na si mahali pengine, nikasema na hilo. Wachimbaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Wambura hakucheka. Lakini aliyenimaliza ni Ghati. Hakulia. Alienda jikoni, tukamsikia anabandua kibanio, akarudi na ile picha ya Mzee Masanche na masikio yake makubwa, akanipa mkononi, akageuka.

Mwalimu Mkuu akafunga daftari. Akamwambia Mama kwa sauti ya chini, ya huruma, ambayo ni mbaya kuliko ya hasira, "Mwalimu mwenzangu, mtoto anasoma vizuri mno. Lakini jambo la tatu tulilokubaliana lilikuwa ni hili, na amesimulia fahali. Nikimwandika darasa la tatu, kamati itaniuliza." Akamtazama Mzee Wambura, ambaye ndiye kamati yenyewe.  Mama alikuwa anaivuta ile sare ya Ghati kwenye pindo, kana kwamba akiivuta itarefuka.

"Naomba mtu mwingine," Ghati akasema.

"Yupi?"

"Hayupo kwenye kamba. Ni mpya." Akasimama mahali pake pale pale, mikono nyuma. "Mtu wangu ni Mwita. Ni wa ukoo wetu. Hana saro bado."

Hapo kijiji kizima kiliangua kicheko, na kama wewe si wa kwetu hutaelewa, lakini kuambiwa hadharani na mtoto wa kike wa miaka minane kwamba huna saro, na wewe miaka kumi na minne, miezi miwili kabla ya jando, una gunia shingoni, hiyo aibu haioshwi na sabuni. Ghati akasubiri watulie.

"Alizaliwa hapa hapa. Alitembea kwa wazee kwa miguu akaniletea maisha ya watu saba, na yote yalikuwa ya kweli. Wa nane alinidanganya kwa sababu ya uvivu. Watu wakachimba mboga za Mama, na choo kikaanguka, kwa hiyo sasa hana pa kunisindikiza. Akiwa ananisubiri pale nje alikuwa anaimba ili nisiogope. Leo ananuka." Akafikiri kidogo. "Hakuna aliyeniambia. Nimemwona mwenyewe."

Mzee Wambura aliiegemeza fimbo katikati ya magoti. Kisha akamwambia Mwalimu Mkuu, "Mwandike la tatu. Huyu anajua kusema ukweli na kumwacha mtu akiwa mtu." Mwalimu Mkuu akaandika. Nilimwona akiandika.

Na mimi nikahukumiwa hapo hapo. Shimo la Onyango lisifukiwe, lilikuwa zuri, refu, limenyooka, basi nikamate jembe nilimalizie liwe choo kipya. Nilichimba wiki mbili. Likawa choo kirefu kuliko vyote Kemambo, na Onyango akaja kulijengea nguzo bila kuombwa, akisema ni duara lake la kwanza lililofaa kitu. Siku hizi sijui Onyango yuko wapi. Mzee Wambura alifariki mwaka jana. Nilikwenda kwake mara nyingi baada ya hapo, na hadithi ya Masanche niliisikia yote, hata mwisho wake, na nilikaa mpaka akamaliza, tukawa tumechelewa kula wote wawili. Yule fahali naye alistahili kusimuliwa vizuri.

Ile picha ya mwisho ya Ghati ipo mpaka leo kwenye kamba, karibu kabisa na dirisha: mvulana mwenye gunia, mguu mmoja mweusi, na masikio madogo kama tembe za kwinini. Desemba ile niliporudi kutoka jandoni alichukua mkaa akaniandikia saro yangu chini. Masikio hakuyaongeza.

Lakini siku ile yenyewe, watu walipoondoka, Mama alinipeleka nyuma ya jiko. Hakunipiga. Alileta ndoo ya maji na majivu na kipande cha sabuni ya mche, akainama akaniosha ule mguu mwenyewe kwa mikono yake, kama nilipokuwa mtoto mdogo, mpaka maji ya ndoo ya pili yakaisha. Kisha akanyanyuka, akafuta mikono kwenye kanga, akasema:

"Mwita, mashimo niliyomwepusha nayo mtoto njiani, wewe umeyaleta mpaka mlangoni. Januari utampeleka shule wewe, umemshika mkono, mpaka siku utakayoitwa sekondari, na kila siku njiani utamsimulia mtu. Wa kweli. Na kama wazee wanakuchosha, anza na mimi. Miaka kumi na minne tunakula sufuria moja, hujaniuliza hata siku moja nilitoka wapi."